Tulivyogeuka Wajipsi Kabianga

Tangu turudi, kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza habari za Kericho, na kila mmoja ameshasikia hadithi yake: kwamba tulikamatwa, kwamba tuliingizwa dini ngeni, kwamba shemeji yangu Muthama alipigiwa magoti na Mzungu. Hakuna aliyekamatwa. Hayo mengine yana ukweli kidogo, na ndiyo sababu nimeona afadhali niyaandike yote mara moja, msome, kisha mniache nifundishe.

Kwa wale wasiomjua, Muthama ni mume wa dada yangu Nduku, na alikuwa mpiga solo wa bendi yetu ya harusi. Mimi napiga besi, kazi ambayo mtu hupewa akiwa na subira na hana kipaji kikubwa. Mwaka juzi mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe ilimdaka mkono wa kushoto. Walimshona vizuri, lakini vidole viwili vya mwisho vilibaki vimenyooka, havikunjiki, havisikii amri. Aliweka gitaa juu ya kabati, akaweka mkono mfukoni, na maneno nayo akayaweka mahali nisipopajua. Ukimsalimu alikuitikia kwa nyusi.

Siku moja nikasikia redioni kwamba huko Kericho kutakuwa na tamasha la mwisho wa wiki la jazi ya Kijipsi, yaani ya lile kabila la Ulaya linalohamahama, pamoja na mafunzo ya gitaa, na kwamba muziki huo ulianzishwa na mtu aliyeungua mkono akabaki akipigia vidole viwili. Nilimweleza dada yangu kama kioja tu. Kabla sijamaliza chai yangu, alikuwa ameshapiga pasi shati la mumewe.

Machakos hadi Nakuru

Rafiki yetu Kioko, fundi seremala, alikuwa anapeleka vitanda Nakuru kwa lori. Mbele alikaa yeye, mkewe na mama mkwe wake, mwanamke ambaye hakuna mtu angethubutu kumwambia ahamie nyuma. Kwa hiyo tulisafiri vitandani. Namaanisha hivyo hivyo: vitanda vilikuwa vimefungwa na magodoro yake, na baridi ya Limuru ilipotupata tulijilaza, tukajifunika turubai hadi kidevuni, gitaa katikati yetu kama mtoto mchanga.

Karibu na Naivasha tukasimamishwa na polisi. Askari alizunguka nyuma, akatuona tumelala, akataka kujua ni kwa nini watu wazima wanalala mchana barabarani. Nilianza kueleza habari za jazi. Muthama alitoa mkono chini ya turubai ili aketi, askari akauona, uso wake ukabadilika. Akamwita Kioko akamgombeza kwa kuendesha polepole na wagonjwa, akatufungulia njia, na tulipoondoka alivua kofia. Kioko hakuelewa kitu. Alienda mbio hadi Nakuru kwa sababu serikali ilikuwa imemwagiza.

Nilidhani nilimwona Muthama akitaka kutabasamu, lakini kulikuwa na vumbi.

Nakuru hadi Kericho

Nakuru tulipanda Peugeot ya abiria, ile ambayo huondoka ikijaa na hujaa dereva akiridhika. Tulipita Molo, na mbele kidogo ya pale gurudumu likapasuka. Gurudumu la akiba lilikuwepo, ila nalo lilikuwa limepasuka tangu safari ya jana, na dereva alishangaa sana kuliona hivyo, kana kwamba lilikuwa limemficha.

Tukakaa kando ya barabara. Abiria mwenzetu, mzee mmoja mwenye koti zito aliyejitambulisha kama Arap Koskei wa Kabianga, alinunua mahindi ya kuchoma, akaanza kula, kisha akatugeukia na kuuliza kwa upole, "Na nyinyi ni watu gani?"

Mnajua miaka hii ya mapigano ya kikabila ilivyo. Kwenye barabara ile swali hilo si la salamu. Kuna nyumba tulizipita zimebaki kuta tupu na mahindi yameota jikoni, na hakuna abiria aliyeziangalia mara mbili. Nilianza kutafuta jibu lisilomkera mtu, nikasema sisi ni watu wa muziki, ni walimu, ni Wakristo. Mzee alikuwa bado anasubiri. Ndipo Muthama, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu Machakos, akasema bila haraka, "Sisi ni Wajipsi."

Arap Koskei aliacha kutafuna. "Wachipsi? Hao wako upande kani?"

"Wako kila mahali. Hawana shamba."

Mzee akasema basi hao hawawezi kuwa na shida na mtu, akavunja hindi lake, akampa Muthama nusu. Kisha akatuambia chifu alikuwa ametangaza kwamba wageni wa hiyo Chipsi Jazz wanakuja, na kila mwenye nafasi karibu na shamba la Mzungu apokee wachache. Yeye alikuwa na nafasi. Alimshukuru Mungu kwa kupasuka kwa gurudumu.

Nilimvuta shemeji kando nikamwuliza anafanya nini. Alikula hindi lake lote kabla ya kujibu. "Umesikia mtu akitukasirikia?"

Kericho hadi Kabianga

Kericho tulifika mvua ikianza, na hapo nikajifunza jambo ambalo kila mtu wa huko analijua: alasiri hunyesha. Asubuhi ni jua safi, majani ya chai yamekatwa sawasawa kama kichwa cha askari kuruta, na alasiri mbingu zinafunguka, wakati mwingine na barafu. Arap Koskei alituambia hivyo kwa utulivu wa mtu anayetaja siku za soko. Nikamwuliza tamasha lenyewe litakuwa saa ngapi Jumapili. Alasiri, akasema. Uwanjani.

Tulimaliza safari juu ya trela ya trekta iliyokuwa inarudi kuchukua majani, tumekalia magunia matupu, gitaa limevishwa koti zito la mzee. Yeye mwenyewe alilowa. Kila tulipopita watu alinyoosha kidole kwetu, akawaambia jambo kwa Kikipsigis, nao walisimama kututazama hadi tukapotea kwenye kona.

Nyumbani kwa Mama Chelangat

Mke wa Arap Koskei ni Mama Chelangat, mwanamke mpana, kiongozi wa kwaya ya kanisa, mwenye sauti ambayo nadhani ng'ombe wa jirani hurudi nayo nyumbani. Alitupokea kwa mikono miwili, akatutengea ugali wa wimbi, mboga za kienyeji, na kibuyu cha mursik. Mursik ni maziwa yaliyoganda, yakatiwa mkaa wa mti maalumu hadi yakawa na rangi ya mawingu ya huko. Mimi nilidhani kibuyu hakikuoshwa. Nilimnong'oneza shemeji asinywe. Mama Chelangat akaniona nanong'ona, akadhani nasema ni kitamu, akanijazia kikombe kingine. Cha tatu nilikiomba mwenyewe.

Muthama aliombea chakula kwa Kikamba, kama afanyavyo kwake. Baadaye majirani wakaja, na sebule ikajaa. Walitaka kujua Wajipsi wanaishije. Mimi ni mwalimu. Uongo unaniwasha mwilini. Lakini shemeji yangu, bwana huyu ambaye dada yangu alikuwa amemlilia miezi mingi aseme hata kwamba chumvi imezidi, alikaa kwenye kochi la Arap Koskei akafunguka kama mfereji. Alisema Mjipsi halimi Jumatatu. Alisema mahari kwao ni kuku mmoja, ila lazima awe mnene kuliko mama mkwe. Wanaume waliguna kwa wivu. Mmoja aliuliza kama Mjipsi anaweza kujua aliyeiba ndama wake, na Muthama akajibu kwamba anaweza, lakini miiko haimruhusu kutaja majina, anaruhusiwa tu kumtazama mwizi. Kisha akazungusha macho chumbani. Bwana mmoja aliyekuwa karibu na mlango aliaga mapema.

Kisha akapitiliza. Alisema Mjipsi akila kwa mtu haondoki bila kumpigia wimbo.

"Vizuri," akasema Mama Chelangat. "Chumapili tutasikia."

Muthama aliutazama mkono wake, ambao kwa kusahau alikuwa ameutoa mfukoni na kuuchezesha hewani akisimulia. Akaurudisha. Hakusema tena mpaka tulipokwenda kulala, na hata huko alisema tu kwamba mursik ilikuwa nzuri.

Mafunzo klabuni

Jumamosi tulienda kwenye klabu ya mameneja, ndani ya shamba la chai. Mwenye tamasha alikuwa mhandisi wa mitambo wa kiwanda, Bwana Hubert, Mzungu mfupi mwenye moyo mkubwa, ambaye kwa ajili ya siku hiyo alikuwa amejifunga kitambaa chekundu shingoni na kutoboa sikio. Sikio lilikuwa limevimba. Wanamuziki wake walikuwa watatu kutoka Ulaya. Nikamwuliza kwa heshima ni nani kati yao ni Mjipsi. Alitazama chini. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno. Wa pili alikuwa mhasibu. Wa tatu, mama mzee aitwaye Greta, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Kwa hiyo katika Kericho nzima, wikendi ile, Wajipsi pekee waliokuwa na watu wa kuwashuhudia tulikuwa sisi.

Wanafunzi walikuwa wake wa mameneja, wapiga gitaa wachache kutoka Nairobi wenye viatu vya gharama, na sisi. Daktari wa meno ndiye aliyefundisha. Alieleza kwa hisia habari za yule mwanzilishi na vidole vyake viwili, kisha akatoa plasta na kuagiza kila mmoja afungwe vidole vya mwisho vya mkono wa kushoto, ili tuhisi ukweli wa muziki kutoka ndani. Basi mkaona watu wazima, wenye afya na bima, wamepanga mstari kufungwa vidole. Mke wa meneja mmoja aliomba afungwe vizuri zaidi.

Daktari alimfikia Muthama na plasta yake. Muthama akatoa mkono mfukoni.

Daktari aliuangalia. Akapiga magoti, hayo mliyoyasikia ni kweli, akaushika mkono ule kama unavyoshikwa mkono wa askofu. Aliwaita wengine waje waone. Mhasibu akapiga picha. Kisha daktari akainua uso, macho yana machozi, akasema, "Una bahati sana, rafiki yangu."

Alisema kwa Kiingereza, na sikuhitaji kutafsiri. Niliinuka nikiwa na nia ambayo mwalimu hapaswi kuwa nayo. Lakini Muthama alikuwa anatetemeka, na nilipomtazama vizuri niliona anacheka. Alicheka akakaa sakafuni. Aliangalia ule mstari wa watu na plasta zao, akajaribu kusema kitu, akashindwa, akacheka tena huku akijifuta macho kwa kiganja. Bwana Hubert aliwaelezea wengine kwa sauti ya chini kwamba hizi ndizo hisia halisi za watu wa aina hii.

Natamani ningewaambia kwamba baada ya hapo aliruka kama swala. Hapana. Solo za daktari zilikuwa za mbio, na vidole viwili vya shemeji vilikwenda vizuri kwa noti tatu nne, vikagongana, vikaanguka. Alirudia. Akarudia tena. Kufikia chakula cha mchana uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa nyumbani, na nilianza kutunga moyoni namna ya kumweleza Nduku.

Mama Greta ndiye aliyekuja kukaa karibu naye. Kazi yake ilikuwa ridhimu, ile pampu ya gitaa inayobeba muziki wote mgongoni wakati wanaume wanajionyesha, na nadhani alikuwa amewachoka wanaume. Hakuuliza mkono umefanya nini. Alimwambia apige kodi moja tu, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ya vidole viwili na dole gumba juu, aendelee. Akasikiliza. Kisha akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo nilisita kuyatafsiri.

"Amesemaje?" Muthama akauliza.

"Amesema mkono wako wa kulia ni mvivu."

Muthama aliugeuza ule mkono wa kulia, mzima, usio na kasoro, akautazama. Tangu ajali, hakuna mtu aliyekuwa amemkosoa kwa lolote. Tulimsifu hata kwa kufunga vifungo vya shati. Alimgeukia yule mama akasema, kwa Kiingereza chake cha darasa la saba, "Show me." Na alasiri yote, mvua ikipiga madirisha, yule mwalimu mstaafu alimgombeza shemeji yangu kama mtoto aliyekuja na madaftari machafu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote, na mhasibu hakuipiga.

Tamasha

Jumapili uwanja ulijaa baada ya ibada. Tangazo la chifu lilikuwa limefika mbali, hadi Roret, na kwa kuwa lilisema Chipsi Jazz, vikundi vya akina mama vilikuja na makaratasi, majiko na viazi vya kutosha jeshi. Moshi wa mafuta ulitanda juu ya jukwaa. Bwana Hubert alizunguka akieleza kwamba kuna kosa la tahajia. Watu walimsikiliza kwa adabu na kumwuzia chipsi.

Kisha akaja afisa mmoja na askari wawili, akataka kuona kibali cha mkutano. Alionyeshwa. Akakisoma, akauliza jazi ni chama cha nani. Bwana Hubert akasema si chama. Afisa akauliza kama si chama, mbona kina watu wengi. Mgeni wa heshima ndiye aliyetuokoa kwa kuwasili, maana yeye alikuwa wa chama kinachofahamika, na afisa akapiga saluti na kutulia.

Mgeni wa heshima alihutubia. Alisema serikali imeunga mkono viazi tangu uhuru. Alisema jazi ni maendeleo. Alikuwa anaelekea kusema maendeleo ni nini, kipaza sauti kikiwa karibu na meno yake, alasiri ilipofika kama kawaida yake. Kwanza upepo, halafu barafu ndogo kama maharagwe, halafu maji. Watu wote, mheshimiwa, askari, majiko na viazi, tukakimbilia banda la kupimia majani ya chai.

Banda lina paa la bati, na umeme ulikuwa umekatika. Daktari wa meno alijaribu kupiga. Tuliona vidole vyake vikienda mbio, lakini hakuna aliyesikia noti hata moja. Watu wakaanza kunung'unika. Ndipo Mama Chelangat akapanda juu ya mizani, akanyoosha mkono, na sauti yake ikalishinda bati. Alisema hawa Wazungu ni watu wazuri lakini mmoja ni wa meno na mmoja ni wa hesabu. Wachipsi wenyewe walilala kwake. Wamekula kwake. Wana deni la wimbo.

Macho ya banda zima yakatugeukia. Bwana Hubert alinitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe wake mwenyewe.

Muthama alishika gitaa. Mimi nikasukumiwa besi kubwa ya kusimama, ambayo sikuwahi kuigusa maishani, nikaikumbatia kama jamaa aliyelewa. Shemeji akaanza, akakosea, akasimama. Nilisikia mtu akisema labda ndivyo Wachipsi huanza. Akaanza tena. Mkono wake wa kulia uliingia ndani ya mlio wa bati, ukaukamata, ukaugeuza kuwa ngoma: pigo, kato, pigo, kato. Mama Greta akaongeza gitaa lake kando yake. Ulikuwa wimbo wetu wa harusi, ule ambao Muthama alikuwa akiumaliza kwa solo ya kuwaliza mabibi harusi.

Tukafika mahali pa ile solo. Nilijua tumefika, naye alijua. Alifumba macho, akaendelea na ridhimu, na pale palipokuwa pake palibaki wazi. Sijui kama mnaelewa jinsi nafasi ile ilivyokuwa pana.

Mama Chelangat hawezi kuvumilia wimbo wenye tundu. Aliinua sauti, na kwaya yake, iliyokuwa imetapakaa kati ya masufuria, ikamfuata na pambio la kanisani ambalo halikuhusiana na harusi wala Wajipsi, na likakaa pale kama mfuniko wake. Mabega yakaanza kuruka. Mgeni wa heshima aliruka akiwa na chipsi mkononi. Afisa aliruka kwa kiasi, kwa kuwa alikuwa kazini. Daktari wa meno alibandua plasta, akaja mbele na gitaa lake, na Muthama akafumbua macho akamwashiria kwa kichwa aingie, jinsi mwenye nyumba anavyompisha mgeni.

Kabianga hadi nyumbani

Asubuhi ya kuondoka, Muthama hakuweza kumeza chai. Alimwambia Mama Chelangat kwamba kuna jambo: sisi si Wajipsi, ni Wakamba wa Machakos, na tunaomba radhi.

Mama Chelangat aliendelea kumfungia mursik ya njiani. Alisema aliishi Athi River na mumewe alipokuwa akifanya kazi huko, jirani zake wa kila upande wakiwa Wakamba, na ile sala ya chakula ya siku ya kwanza angeweza kuimalizia mwenyewe.

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Mzee wangu alikuwa amefurahi kupata Wachipsi," akasema. Kisha akamwangalia Muthama. "Na huyu alikuwa anaongea kama mtu alikuwa amefungiwa. Ningemkatisha aje?"

Arap Koskei alitusindikiza hadi barabarani, na hadi leo sina uhakika kama mkewe amemwambia.

Safari ya kurudi haikuwa na kisa. Gari halikuharibika, hakuna aliyetuuliza kabila, na mvua ilibaki nyuma yetu. Muthama alikaa dirishani, mkono wa kulia ukigonga goti, pigo, kato, macho yakiwa kwenye mashamba. Tulikuwa tumeshapita Nakuru aliponiuliza yule kijana aliyechukua nafasi yake kwenye bendi anaendeleaje. Nikamwambia ukweli: anapiga noti nyingi na hamsikilizi mtu.

"Hana anayembeba," Muthama akasema. "Mazoezi bado ni Alhamisi?"

Nikamwambia bado ni Alhamisi.